Kupisha au Kuhama

Pemba kuna neno linaloanza kusikika uchaguzi ukikaribia, na halimo katika ratiba ya Tume yoyote ya Uchaguzi: kupisha. Fulani kaenda Tanga kupisha. Mke na watoto wamepelekwa Mombasa wakapishe. Kwenye njia nyembamba mtu hupisha gari: hujibanza kando, likapita, akaendelea na safari yake. Ndivyo watu wanavyoomba uchaguzi uwe, upite tu.

Mwaka 2025, Oktoba ikiwa mlangoni, nilizikuta familia zikibishana kama zipishe au zihame moja kwa moja. Mabishano hayo nimeyasikia Wete na Konde, mengine kwa simu. Hapa nimeyakusanya katika baraza moja na nyumba moja. Majina nimeyaacha makusudi. Na pale nitakaposhindwa kunyamaza nitaingia na mimi, maana jambo hili linaniuma.

Ni baada ya Isha. Karafuu za mchana zimeshazolewa, majamvi yamekunjwa, na baraza zima linanuka karafuu mbichi. Baba wa nyumba, mwalimu wa skuli mwenye miaka 41, ndiye aliyewaita mkewe na mama yake mzazi, Bibi wa watoto.

BABA: Mama, nimewaita kwa sababu jambo hili si la kuamua peke yangu. Nimelifikiri mwaka mzima. Naona tuondoke. Hakuna aliyenigusa wala aliyenitisha. Nimechoka kuhesabu, basi. Mwaka 2000 nilikuwa na miaka 16, uchaguzi ukavurugika. Januari 2001 watu wakapigwa risasi hapa Wete, na Micheweni, na Chake, na Mkoani. 2010 tukapumua, Mungu ashukuriwe. 2015 tukapiga kura kwa salama, kura zikahesabiwa, halafu tarehe 28 Oktoba mwenyekiti wa Tume akatokea kwenye televisheni kutangaza kuwa uchaguzi wote wa Zanzibar umefutwa. 2020 risasi zikasikika kisiwani kabla hata siku ya kura haijafika. Katika utu uzima wangu wote, uchaguzi ambao sikujaza mchele ndani ya nyumba ni mmoja tu, ule wa 2010. Nina watoto wanne. Sitaki na wao waje kuhesabu hivi.

BIBI: Kuondoka nimekusikia. Nataka kujua unaondokaje. Unapisha au unahama?

BABA: Tunapisha kwanza, mama. Twende kwa Ami, Kilifi, tukae mpaka Januari, tuangalie hali. Ikitulia tunarudi. Isipotulia, hapo tena tutajua.

BIBI: Maneno hayo nayajua, mwanangu. Ami yake marehemu baba yako aliyasema 1964. Alisema anakwenda kuangalia hali. Ameiangalia mpaka akazikwa huko huko.

MWANDISHI: Hapa nieleze kidogo, kwa msomaji asiyekulia visiwani. Wavuvi wa Pemba tangu enzi walikuwa wakiwafuata samaki kwa misimu, wakivuka kwenda Vanga, Shimoni, Gazi, Kilifi na mbele zaidi, wakipiga kambi ufukweni kwa wiki au miezi. Kambi hiyo ndiyo dago. Mtu wa dago haagwi kwa machozi, kwa kuwa inajulikana atarudi upepo ukigeuka. Baada ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964, wapo waliovuka kwa vyombo vile vile na njia zile zile, na mizigo yao ilikuwa midogo kama ya mtu wa dago. Mwezi mmoja tu kabla, tarehe 12 Desemba 1963, Kenya ilikuwa imepata uhuru wake. Mpaka siku hiyo ukanda wa maili kumi wa pwani ya Kenya ulihesabika kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar. Kwa hiyo mzee yule alivuka bahari aliyoizoea, akafika pwani aliyoizoea, akakuta watu wanaosema kama yeye na kuswali kama yeye, na wala hakujua kwamba ameingia nchi ya kigeni. Hakuomba karatasi yoyote. Angeiombea nini mtu aliyekuja kupisha?

Simu imewekwa spika katikati ya mkeka. Upande wa pili yuko Ami, mtoto wa mzee huyo. Alizaliwa Kilifi mwaka 1967.

AMI: Shemeji, nakusikia, na ulilosema ni kweli tupu. Nimekulia katika nyumba ambayo kila mwaka tulikuwa tunarudi Pemba mwakani. Baba hakununua kitanda cha maana. Alisema kitanda kipo Wete. Hakutafuta kipande, yaani kitambulisho, alisema kipande cha nini na mimi ni mpita njia. Alipokufa, mpita njia akatuachia watoto sita ambao Kenya inatuuliza Wapemba ni kabila gani, na Pemba inatuuliza mmezaliwa wapi.

BABA: Lakini Ami, hayo yamekwisha. Sasa mna vipande.

AMI: Yamekwisha lini, mwanangu? Nimepata kipande tarehe 28 Julai 2023. Nilikuwa na miaka 56. Kabla ya hapo laini yangu ya simu iliandikishwa kwa jina la rafiki, na pesa zangu za M-Pesa zikawa kwa jina lake. Leseni ya kuvulia sikuweza kuikata kwa jina langu. Askari akinikuta njiani usiku, ndiye aliyekuwa anaamua nimelala wapi. Binti yangu mkubwa alifaulu, sikuwa na cha kumwandikishia kwenda mbele, akaolewa. Huyo hatarudi darasani kwa sababu Rais amekuja Kilifi na kutupa haki yetu. Nashukuru, nilimpigia makofi na machozi yalinitoka. Lakini usinambie yamekwisha.

MWANDISHI: Watu wa asili ya Pemba waliokuwa wakiishi Kenya bila uraia walikadiriwa kuwa maelfu kadhaa, wengi wao Kilifi na Kwale. Kabla yao Wamakonde wa Kwale walilazimika kutembea kwa miguu kuelekea Nairobi mwaka 2016 kuomba haki hiyo hiyo. Nimeyataja haya kwa sababu tunapojadili kuhama, mara nyingi tunahesabu nauli na kodi ya nyumba. Gharama ambayo familia hii ilitozwa kwa safari ya 1964 ilikuja kulipwa na msichana aliyezaliwa miongo kadhaa baadaye, na yeye hakuwahi kuulizwa.

BABA: Basi nisipishe, nihame. Nikakate pasi, nikagongewe muhuri Horohoro kama mtu mzima, niombe kibali cha kazi. Hilo mnalipinga?

BIBI: Mie sipingi kuvuka. Mie mwenyewe nimevuka, na wewe nilikuvusha. Umesahau ulivyotapika mpaka ukabaki na nyongo? Mashua ya watu kumi tulikuwa ishirini na kitu, usiku, hapana taa. Tukafika Shimoni. Watu wa Shimoni, Mungu awalipe, walitoa chumba, walitoa uji, walitoa na kanga zao. Tuliandikwa, tukapewa kadi ya mgao. Kadi yangu ninayo mpaka leo, imo kwenye kibati pamoja na hati ya shamba la eka tatu. Mwezi wa kwanza nililala vizuri, nakwambia kweli. Mwezi wa pili nikaanza kuota mikarafuu.

MWANDISHI: Waliovuka kwenda Shimoni baada ya maandamano ya 27 Januari 2001 walikuwa kama 2,000. Tume iliyoundwa na serikali ilihesabu waliokufa katika maandamano hayo kuwa 31. Human Rights Watch ikasema si chini ya 35, na majeruhi zaidi ya 600. Tanzania, nchi iliyojijengea heshima kwa kuwapokea Warundi, Wanyarwanda, Wakongo na wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, kwa mara ya kwanza ikawa imetoa wakimbizi wake yenyewe kwa wingi namna hiyo. Benjamin Mkapa, aliyekuwa Rais wakati huo, alikuja kuandika katika kumbukumbu zake za mwaka 2019 kwamba mauaji yale ni doa katika uongozi wake. Wengi wa waliovuka walirudi mwaka huo huo, na tarehe 10 Oktoba 2001 vyama hasimu vikatia saini mapatano yaitwayo Muafaka. Ila si wote waliorudi. Wapo waliopelekwa kambi ya wakimbizi ya Dadaab, na wapo walioishia Mogadishu, mji ambao watu wake wenyewe walikuwa wanaukimbia. Kundi dogo la hao lilirudishwa nyumbani mwaka 2012. Miaka 11 ya kupisha.

Mama wa nyumba amekuwa kimya, anachambua makonyo kutoka kwenye karafuu zilizobaki kwenye ungo. Sasa anauweka ungo chini.

MAMA: Naomba na mie niseme. Baba watoto, nakuunga mkono kwa kuogopa. Mtu akikwambia mwoga, mlete kwangu. Mwanangu wa kiume ana miaka 19, na kila Oktoba ya uchaguzi kijana wa umri ule akitoka kununua mkate mama yake huwa amesimama mlangoni mpaka arudi. Mwaka wa mazombi, wale wenye kuficha nyuso waliokuwa wakizunguka na magari, nilikuwa na kitoto kichanga na nilimlaza chini ya kitanda. Kwa hiyo sisemi tukae kwa sababu pana raha. Lakini wewe ukihama unabadilisha skuli ya kusomesha. Mie nikihama naanza kuomba chumvi kwa jirani nisiyemjua. Mwani wangu uko baharini pale, kamba na vigingi nimenunua kwa fedha ya kikundi, na kikundini nina hisa na nina deni. Ukisema "tuondoke" usiseme kama vile nyumba nzima ina miguu miwili.

BABA: Dada yako yuko Muscat. Si angetupokea?

MAMA: Dada yangu yuko kwa kafili. Anayempokea yeye ni tajiri wake, na simu ananipigia wakitaka wenyewe. Wale Wazanzibari wa Oman unaowasikia, wenye nyumba na uraia, ni watu wengine. Wale waliitwa na Sultan Qaboos baada ya 1970, walikuwa na makabila yao na masheikh wa kuwathibitisha. Mimi sheikh gani atanithibitisha? Babu yangu mvuvi wa Msuka.

MWANDISHI: Mama amesema kwa maneno machache jambo ambalo watu wengi hulipita. Mtu wa visiwani akisema "Uarabuni" husema kama vile mlango ni mmoja. Milango ni miwili. Mmoja umeandikwa jina la ukoo, na wa pili umeandikwa jina la mwajiri. Na kila mlango una bei yake hata kwa anayepokewa, kwa kuwa sheria ya uraia ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Ukiupata ule, huu umeuacha.

Wakati huo jirani anapita na tochi yake. Anakaribishwa, anakaa ukingoni mwa baraza, upande wa nje. Ni mwanachama wa siku nyingi wa chama tawala, na hakuna asiyejua.

JIRANI: Nimesikia sauti nikajua ni lile lile, kwangu pia tunalizungumza. Mwalimu, nikwambie ukweli wangu? Mnatishana wenyewe kwa wenyewe. Watu wameungana tangu kura ya maoni ya 31 Julai 2010, asilimia 66 walisema ndiyo kwa serikali ya pamoja. Maalim Seif, kiongozi wenu mwenyewe, Mungu amrehemu, Desemba 2020 alikubali kula kiapo cha Makamu wa Kwanza wa Rais baada ya yote yaliyotokea. Kama yeye alikubali kukaa meza moja, wewe unakimbia nini?

BABA: Alikubali kwa ajili yetu, jirani. Hakukubali kwa sababu hakuumia.

JIRANI: Sikatai. Lakini nikuulize. Unadhani mie sijawahi kufunga mizigo? Baada ya uchaguzi wa marudio, Machi 2016, tulioupigia kura tulisusiwa. Umesahau? Duka halikuniuzia. Dereva wa daladala ananiona anaongeza mwendo. Mikarafuu yangu kumi na mbili niliikuta imekatwa asubuhi, na mkarafuu, mnajua, unaulea miaka sita au saba kabla haujakupa pishi moja. Hayo yote nilivumilia. Ila mama yangu alipokufa mwezi wa sita, tulimzika watu wanane. Wanane, mwalimu, katika mtaa huu ambao mama yangu alikuwa mkunga. Nusu ya vijana wa hapa aliwapokea kwa mikono yake. Usiku ule nilimwambia mke wangu tuhamie Unguja. Kwa hiyo usidhani hofu ina chama kimoja.

Hapasikiki mtu kwa muda. Hata simu ya Ami iko kimya, ingawa haijakatika.

BIBI: Mie sikuja.

JIRANI: Najua, bibi.

BIBI: Nilikaa mlangoni hapa. Nikasikia mnapita na jeneza, nikasikia dua. Yule ndiye aliyenizalisha huyu mwalimu. Wakati ule tuliambiana asende mtu, na mie nikaona nikienda nitakuwa nimewauza watoto wangu. Sikuja, na sijawahi kukwambia neno hili.

MWANDISHI: Nilipoisikia hadithi ya kususiana kwa mara ya kwanza, sikutaka kuiandika. Niliogopa kwamba atatokea mtu atakayeipima na risasi za 2001 kwenye mizani moja, kisha aseme "pande zote zilikosa" na akalale. Mizani si moja. Mwenye bunduki, mwenye mahakama na mwenye kufuta uchaguzi kwa tangazo la televisheni ana dhamana ambayo muuza duka hana. Lakini tukiacha kusema habari ya maziko yale tutakuwa tumeficha nusu ya sababu za watu kuhama. Mtu hakimbii risasi peke yake. Hukimbia pia mtaa ambao salamu imekuwa na masharti. Familia kadhaa nilizozungumza nazo, nilipowauliza siku hasa waliyokata shauri, hazikunitajia tarehe ya uchaguzi. Zilinitajia siku ambayo jirani hakuitikia salamu.

Na hili ndilo linaloninyima usingizi. Vyama vinaweza kutia saini Muafaka. Vimetia 1999, vikatia 2001, vikaja kwenye Maridhiano yaliyozaa serikali ya pamoja. Hakuna karatasi iliyomrudisha Bibi kwenye maziko yale.

Binti wa miaka 16, kidato cha tatu, amekuwa akisikiliza nyuma ya pazia la mlango. Anatoka na daftari.

BINTI: Baba, naomba kuuliza. Mtihani wangu wa kidato cha nne ni mwakani. Tukienda Kilifi nafanya wa wapi?

BABA: Tutatafuta skuli huko.

BINTI: Mitaala yao mingine, baba. Nitarudishwa nyuma, na nisipokuwa na cheti cha kuzaliwa hata kurudishwa sitarudishwa, si ndivyo Ami alivyosema? Na la pili. Nimepiga hesabu. Mwalimu wa uraia alitwambia kuwa ili uandikishwe kupiga kura Zanzibar, sheria imekuwa ikitaka uwe umekaa jimboni miezi 36 mfululizo. Mie 2030 nitakuwa na miaka 21. Tukiondoka sasa tukarudi 2028, sitakuwa nimetimiza. Nitakuwa hapa hapa Wete, nimezaliwa hapa, na sheha atanambia sijakaa vya kutosha.

BABA: Mwanangu, kura ndiyo inayotukimbiza.

BINTI: Ndiyo, baba. Lakini ndiyo hiyo hiyo tutakayokuwa tumewaachia.

AMI: Huyo mtoto msimkatishe.

BINTI: Sikatai kuhama. Mukisema tunahama, nitahama. Ila musiniambie tunapisha. Nikijua nahama nitawaaga wenzangu, nitachukua vyeti vyangu, nitajifunza mambo ya huko. Nikidhani napisha nitakaa na begi lisilofunguliwa, kama baba yake Ami.

MWANDISHI: Hesabu ya miezi 36 nimeirudia mara mbili nikitafuta kosa la yule binti. Halipo. Kanuni ya ukaazi iliwekwa kwa hoja kwamba wapiga kura wasibebwe kwa meli kutoka kwingine kuja kuongeza hesabu jimboni, na hoja hiyo ina maana yake katika visiwa ambako kura mia moja zinaweza kubadilisha mshindi. Lakini kanuni hiyo hiyo, ukichanganya na kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi na uthibitisho wa sheha, yaani kiongozi wa mtaa, inamfanya aliyekimbia vurugu za uchaguzi huu asiwe na sauti katika unaofuata. Anaadhibiwa mara mbili, na mara ya pili kwa utulivu kabisa, dirishani, mbele ya karani.

BABA: Sasa nifanye nini? Kila mtu hapa ana haki. Mama ana haki, mke wangu ana haki, mtoto ana haki, hata huyu jirani ana haki yake. Haki zenu zote hazitanizuia risasi mlangoni.

MAMA: Tufanye hivi. Tuhame, lakini mwakani, mtoto akishamaliza mtihani. Kuanzia kesho tuanze kutafuta pasi za watoto wote, na cheti cha yule mdogo kilichokosewa jina kirekebishwe. Mavuno ya mwakani ya mikarafuu tuyakodishe yakiwa bado mtini, tupate mtaji wa kuanzia. Eka tatu zibaki kwa mama na mtu wa kuziangalia. Tukifika kule twende ofisini siku ya kwanza, tuandikwe kuwa tumekuja kuishi. Nikiomba chumvi, niombe nikiwa najua nitaomba mpaka lini.

BABA: Na Oktoba hii?

MAMA: Oktoba hii tutakaa.

JIRANI: Siku ya kura na siku mbili za mbele, bibi na watoto wakalale kwangu. Kwangu hawaji.

MAMA: Na wakija watu wetu kwako?

JIRANI: Basi na mie nitahamia kwenu.

Bibi anacheka kidogo, kwa mara ya kwanza usiku huo, kisha anamwambia jirani asogee ndani ya baraza, asikae ukingoni kama mgeni. Simu ya Ami inaishiwa salio.

MWANDISHI: Nimeandika mjadala huu kwa ajili ya watu wa aina mbili, na kila mmoja nina neno lake.

Kwa wenye dhamana ya Zanzibar na ya Muungano: msihesabu boti zinazoondoka Oktoba zikiwa zimejaa akina mama na watoto kuwa ni watu waliokwenda kutembea. Kisiwa ambacho watu wake hukaa kando kila miaka mitano ili uchaguzi upite si kisiwa chenye amani, hata kama siku hiyo haikurushwa risasi hata moja. Kanuni ya miezi 36 iangalieni upya, ili aliyeondoka kwa hofu arudi akiwa raia kamili siku anayorudi. Na waliokufa 2001 bado wana watoto wanaosubiri kuambiwa, kwa jina na kwa hadhara, kwamba baba zao walionewa.

Na wewe uliyefunga begi usiku huu, sikuzuii. Simjui mtu mwenye haki ya kukuzuia. Chukua vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vya asili, si nakala. Chukua matokeo yao ya mitihani na kadi zao za chanjo. Gonga muhuri mpakani hata kama nahodha anakwambia kuna njia fupi. Acha hati ya shamba kwa mtu unayemwamini, na jina lake liandikwe mbele ya mashahidi. Pita kwa jirani uliyesusiana naye umuage. Kisha wakalishe watoto chini, uwaambie kwa kinywa chako kama mnapisha au mnahama.